Tai Akitoweka, Ni Nani Atakayezoa Mizoga?

Likizo ya Desemba imefika na umewapeleka watoto mashambani kwa nyanya yao. Asubuhi moja, kabla chai haijaiva, mnasikia kuku wakipiga kelele uani. Mnatoka mbio, na mnachoona ni kivuli tu kikipita juu ya paa la mabati, kifaranga kikining'inia katika kucha za mwewe. Nyanya anapiga makofi, anarusha kijiti, anatoa laana moja au mbili, lakini mwewe ameshatua kwenye mkaratusi ulio ng'ambo ya mto.

"Ndege hawa wangemalizwa wote!" anasema jirani aliyesimama ugani.

Huenda wewe pia umewahi kutamka maneno hayo, au angalau kuyakubali kwa kichwa. Kuku ni karo ya shule, ni kitoweo cha mgeni, ni akiba ya mtu asiye na benki. Anayekuibia kuku amekuibia mali. Lakini hebu tujiulize, msomaji: ndege hao wangemalizwa kweli, kungekuwaje?

Swali hili si la kubuni. Mwaka 2022 watafiti wakiongozwa na Bi Darcy Ogada, mtaalamu wa ndege wawindaji ambaye amefanya kazi nchini Kenya kwa miaka mingi, walichapisha matokeo ya uchunguzi wao. Walichukua hesabu za ndege walioonekana kando ya barabara za Kenya kati ya mwaka 1970 na 1977, wakazilinganisha na hesabu za mwaka 2003 hadi 2020. Kati ya aina 22 za ndege walizochunguza, aina 19 zilikuwa zimepungua, nyingine kwa kiasi cha kutisha. Ndani ya mbuga na hifadhi hali ilikuwa afadhali. Nje ya mbuga, pale tunapoishi mimi na wewe, ndipo ndege hao walipopotea zaidi.

Kwa hiyo jirani yule hana haja ya kuomba. Ombi lake linaendelea kutimizwa kimyakimya, na wengi wetu hatuna habari.

NI NDEGE GANI HAO?

Kwanza tuelewane kuhusu majina, kwani wengi wetu humwita kila ndege mkubwa mwenye mdomo uliopinda kuwa ni "tai".

Mwewe ndiye yule wa rangi ya kahawia mwenye mkia uliogawanyika kidogo mwishoni kama uma. Huyu unamjua hata kama hujawahi kutoka Nairobi. Ndiye anayezunguka juu ya machinjio na majaa ya takataka, na ndiye anayeweza kumnyang'anya mtoto kipande cha nyama mkononi katika uwanja wa shule. Kipanga na kozi ni wawindaji wenye mwili mwembamba na mwendo wa kasi. Aina moja ya kozi, anaposhuka kushambulia, huweza kupita kilomita 300 kwa saa. Bundi ni mwindaji wa usiku. Furukombe ni yule mwenye kichwa cheupe ambaye sauti yake husikika kando ya maziwa kama Naivasha na Baringo, naye chakula chake kikubwa ni samaki.

Tai hasa ni mwindaji mkubwa anayeua kwa kucha zake. Tumbusi naye, ambaye pia tumezoea kumwita tai, ni yule mwenye shingo iliyopungukiwa manyoya, anayekula mizoga. Katika makala haya tutawatenganisha wawili hawa: tai ni mwindaji, tumbusi ni mla mizoga. Tofauti hii si ya kitabuni tu. Kutoijua kumewagharimu ndege wengi maisha yao.

Mwanafunzi anayependa maajabu ataje hili darasani: mnamo Novemba 1973, tumbusi wa aina ya Rüppell aligongana na ndege ya abiria juu ya Abidjan, Ivory Coast, ikiwa kwenye kimo cha zaidi ya mita 11,000. Hakuna ndege mwingine aliyethibitishwa kuruka juu zaidi ya hapo. Tumbusi wa aina hiyo hiyo wanapatikana hapa kwetu, na huzaa kwenye majabali kama yale ya Hell's Gate karibu na Naivasha.

JE, KWELI WANAKULA MIFUGO?

Haitakuwa haki kumwambia mfugaji kwamba hasara yake ni ndoto. Mwewe huchukua vifaranga. Vipanga wa aina kadhaa pia hupiga kuku. Wapo tai wawili wakubwa ambao wanaweza kuchukua mwana-mbuzi au mwana-kondoo. Mmoja ni tai mkubwa wa nyika mwenye kifua cheupe chenye madoadoa, ambaye huweza kufikia uzito wa kilo sita hivi. Wa pili ni tai wa msituni mwenye kishungi kichwani, ambaye chakula chake cha kawaida ni nyani wadogo, kima, paa na pimbi.

Hata hivyo kuna mipaka. Ndege wa kilo nne au sita hawezi kuruka na mbuzi mzima wa kilo 25, hata hadithi za vijiweni zisemeje. Anachoweza ni mtoto wa siku chache, hasa yule aliyeachwa mbali na mama yake bila mchungaji. Zaidi ya hayo, tai hukaa wawili wawili katika eneo kubwa, na hawaruhusu tai wengine wa aina yao kuingia. Si jeshi linaloshuka kijijini.

Sasa mtazame tumbusi. Miguu yake ni dhaifu ikilinganishwa na ya tai. Kucha zake hazikuumbwa kwa kukamata na kuua, bali kwa kutembea na kukanyaga mzoga wakati mdomo unapochana. Mchungaji anayemkuta tumbusi juu ya ng'ombe wake aliyekufa anaona mwizi, lakini mara nyingi aliyekutwa hapo ni mzoaji tu. Ng'ombe aliuawa na simba, fisi, ugonjwa au ukame, na tumbusi akafika baadaye.

Jambo jingine ambalo mfugaji angefaa kulijua ni kwamba ndege hawa huzaa polepole sana. Marehemu Leslie Brown, aliyekuwa afisa wa kilimo hapa nchini, alianza mwishoni mwa miaka ya 1940 kuwachunguza tai wa kilima kimoja katika eneo la Embu, na akaendelea kurudi hapo kwa miaka mingi. Kazi yake ni miongoni mwa zile zilizowafundisha wataalamu jinsi maisha ya tai yanavyokwenda taratibu. Tai mkubwa hutaga yai moja, na mara nyingi hupitisha mwaka mzima kabla ya kutaga tena, kwani kinda humtegemea mzazi kwa miezi mingi. Tumbusi wakubwa pia hutaga yai moja kwa mwaka, na kinda huchukua kama miaka mitano kabla ya kuanza kuzaa.

Kuku wako akipoteza vifaranga vitano leo, ataatamia tena baada ya miezi michache. Tumbusi mia moja wakifa leo, pengo lao halitajazwa kwa miaka mingi sana.

MTEGO WA PANYA

Wahenga walisema mtego wa panya huingia waliomo na wasiokuwamo. Hakuna mahali msemo huu unapojionyesha wazi kama katika mambo ya sumu.

Hadithi huwa ni ile ile. Usiku simba au fisi anavunja boma na kuua ng'ombe. Asubuhi mwenye mali, akiwa na uchungu ambao hakuna anayeweza kumlaumu kwao, anachukua dawa ya kuulia wadudu ambayo inauzwa madukani kwa bei nafuu, anaipaka kwenye mzoga, na kuuacha hapo. Anajua simba atarudi kumalizia chakula chake usiku.

Lakini mchana huja kabla ya usiku, na wa kwanza kufika si simba. Tumbusi hutafuta chakula kwa macho. Mmoja akiona mzoga na kuanza kushuka, wengine walio mbali angani humwona akishuka, nao wanafuata, na wale walio mbali zaidi wanawafuata hao. Kwa muda mfupi ndege makumi, wakati mwingine zaidi ya mia moja, wamekusanyika juu ya ng'ombe mmoja. Wote wanakula. Wote wanakufa, wengine papo hapo, wengine wakiwa wameshapaa. Tumbusi anaweza kusafiri zaidi ya kilomita 100 kwa siku moja akitafuta chakula, kwa hiyo sumu iliyowekwa katika kijiji kimoja cha Narok inaweza kumuua ndege aliyelala Tanzania usiku uliopita na kumwacha kinda wake peke yake kiotani.

Mnamo Desemba 2015 habari za Maasai Mara zilienea duniani. Simba wa kundi lililokuwa limepata umaarufu kupitia vipindi vya televisheni walikula mzoga wa ng'ombe uliotiwa sumu baada ya mifugo kuuawa. Baadhi ya simba walikufa, na tumbusi pia walikufa. Watu wakakamatwa. Ukitazama tukio hilo kwa makini, hutaona mshindi: mfugaji alikwisha kupoteza ng'ombe, mbuga ikapoteza simba, na tumbusi ambao hawakuwa na kesi na mtu wakaingia mtegoni.

Miaka sita kabla ya hapo, mwaka 2009, baada ya televisheni moja ya Marekani kutangaza jinsi simba wa Kenya walivyokuwa wakiuawa kwa dawa ya wadudu yenye kemikali iitwayo kabofurani, kampuni iliyoitengeneza iliiondoa dawa hiyo katika soko la Kenya. Hiyo ilikuwa hatua njema, lakini sumu nyingine zikabaki madukani na mazoea yakabaki vichwani.

Majangili nao wana sababu zao za kutega. Tumbusi wakizunguka angani ni kama king'ora: askari wa wanyamapori wanaona, wanajua kuna kitu kimekufa, wanakwenda kuangalia. Kwa hiyo majangili huutia sumu mzoga wa ndovu waliyemuua ili ndege hao wasiwafichue tena siku nyingine. Mwezi Juni 2019 nchini Botswana tumbusi 537 walipatikana wamekufa pamoja na tai wawili, kwa sababu ya mizoga mitatu ya ndovu iliyotiwa sumu. Kwa mizoga mitatu tu!

Ndiyo maana mwaka 2015 shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, liliziweka aina nne za tumbusi wa Afrika katika kundi la viumbe waliomo katika hatari kubwa kabisa ya kuangamia. Nao ni tumbusi mgongo mweupe, tumbusi wa Rüppell, tumbusi kichwa cheupe na yule mdogo anayeonekana kama amevaa kofia ya manyoya. Wote wanne wanapatikana Kenya. Sumu ndiyo iliyotajwa kuwa chanzo kikuu cha vifo vyao katika bara hili, ikifuatwa na biashara ya viungo vyao kwa ajili ya uganga na kupigwa na nyaya za umeme.

MABWANA AFYA WASIO NA MSHAHARA

Pengine utasema, "Ndege anayekula mizoga ana faida gani kwangu? Hata sura yake haipendezi."

Fikiria mji usio na gari la taka hata moja. Sasa fikiria nyika nzima ya Kajiado, Laikipia au Samburu wakati wa ukame, ng'ombe na mbuzi wakianguka kila siku. Nani anazoa mizoga hiyo? Hakuna baraza la mji, hakuna bwana afya. Kuna tumbusi. Kundi la tumbusi linaweza kumaliza mzoga kwa muda mfupi na kuacha mifupa mitupu. Asidi iliyo tumboni mwao ni kali kiasi cha kuua vijidudu vingi ambavyo vingemwangamiza binadamu au ng'ombe, vikiwamo vile vya kimeta.

Je, wasipokuwapo? Watafiti walijaribu kulijibu swali hili huko Laikipia, na matokeo yakachapishwa mwaka 2012. Walitazama mizoga ya mbuzi waliyoiweka porini. Pale ambapo tumbusi hawakufika, mzoga ulichukua karibu mara tatu ya muda wa kawaida kuoza na kwisha. Wanyama wengine wala nyama, kama fisi na mbweha, walifika kwa wingi mara tatu zaidi na kukaa karibu karibu kwa muda mrefu. Kukutana namna hiyo ndiko kunakoeneza magonjwa kutoka mnyama mmoja hadi mwingine, na mbwa wa mchungaji naye hakosi kwenye karamu kama hiyo.

Lakini somo kubwa zaidi limetoka India. Huko miaka ya 1980 tumbusi walikuwa wengi mno, hata juu ya miti ya mijini. Katika miaka ya 1990 wakaanza kuanguka mitini wakiwa wamekufa, na hakuna aliyejua sababu. Jibu lilipatikana mwaka 2004: ni dawa ya maumivu iitwayo diklofenaki, ile ile ambayo pengine wewe umewahi kupewa ukiumwa na mgongo. Wafugaji walikuwa wakiwapa ng'ombe wao. Ng'ombe akifa siku chache baada ya kutibiwa, tumbusi aliyekula nyama yake aliharibika figo na kufa. Kati ya mwaka 1992 na 2007 aina moja ya tumbusi ilipungua kwa asilimia 99.9. Yaani mahali palipokuwa na ndege 1,000, alibaki mmoja.

Mizoga ikabaki bila mzoaji. Mbwa koko wakapata chakula tele na kuongezeka kwa mamilioni. Pamoja nao ukaongezeka ugonjwa wa kichaa cha mbwa, na watu wakafa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 ulikadiria kwamba kutoweka kwa ndege hao kulichangia vifo vya watu wapatao nusu milioni nchini India kati ya mwaka 2000 na 2005, kutokana na kichaa cha mbwa, maji machafu na maradhi mengine. India, Nepal na Pakistan zilipiga marufuku dawa hiyo kwa mifugo mwaka 2006, lakini kumrudisha ndege anayetaga yai moja kwa mwaka ni kazi ya miaka na miaka.

Na wale wawindaji wadogo je? Bundi na vipanga wengi hula panya, wale wale wanaomaliza mahindi ghalani. Ndege karani, yule mwenye miguu mirefu, huua nyoka kwa kuwapiga mateke. Mkulima anayempiga bundi kwa mawe akidhani ameleta mkosi amejipunguzia askari wa ghala lake.

SHERIA YASEMAJE?

Tangu mwaka 1977 uwindaji wa wanyamapori ulipigwa marufuku nchini Kenya. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 69, iliipa Serikali jukumu la kulinda viumbe mbalimbali wa nchi hii, na ikampa kila mtu jukumu la kushirikiana nayo katika kutunza mazingira.

Kisha ikaja Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013, iliyoanza kutumika Januari 2014. Chini ya sheria hiyo ndege wa porini ni mnyamapori kama alivyo simba au ndovu. Huruhusiwi kumuua, kumkamata, kumfuga wala kumuuza bila kibali. Hata kucha, manyoya au mayai yake yanahesabiwa kuwa nyara, na kuyaweka nyumbani bila kibali ni kosa. Baada ya marekebisho ya mwaka 2018, anayemuua au kumjeruhi mnyama aliyeorodheshwa kuwa katika hatari ya kuangamia anaweza kufungwa kwa muda usiopungua miaka mitano.

Kuna pia mkataba wa kimataifa wa kudhibiti biashara ya viumbe waliomo hatarini, CITES, ambao Kenya ilijiunga nao katika miaka ya 1970. Karibu tai, vipanga, kozi na bundi wote wa Afrika wamo katika orodha za mkataba huo. Maana yake ni kwamba mtu hawezi kumpakia kozi ndani ya ndege na kumpeleka ng'ambo kumuuza bila karatasi za Serikali.

Kwa hiyo "sikujua" si utetezi. Lakini je, sheria imemaliza maneno yote? La hasha.

NA MWENYE MBUZI JE?

Hapa ndipo penye kidonda. Sheria hiyo ya mwaka 2013 iliweka fidia kwa mtu aliyeuawa au kujeruhiwa na mnyamapori, na pia kwa mifugo iliyouawa. Mfugaji hupeleka madai yake kwa kamati ya kaunti inayoshughulikia wanyamapori na fidia, na akikubaliwa hulipwa kulingana na bei ya soko. Hata hivyo, fidia hiyo ni kwa madhara ya wanyama waliotajwa katika orodha maalumu: simba, chui, fisi, duma, mbwa mwitu, mamba, ndovu na wengineo. Tai hakutajwa humo. Mwewe hakutajwa. Kwa hiyo mwana-mbuzi wako akichukuliwa na tai, sheria inamlinda tai lakini haikulipi wewe.

Na hata kwa wale waliotajwa, kulipwa si jambo la kesho. Madai mengi yamechukua miaka kabla ya fedha kutoka, na wafugaji wengine wamekata tamaa ya kuandikisha hasara zao. Mtu wa namna hiyo, akisimama mbele ya ng'ombe wake aliyeuawa, chupa ya dawa ya wadudu ikiwa karibu kuliko ofisi ya kaunti, unadhani atachagua lipi?

Sisemi haya kumtetea mwenye kutega sumu. Nasema kwa sababu fimbo ya mbali haiui nyoka. Kifungo cha miaka mitano kilicho kitabuni Nairobi hakimzuii mtu ambaye jana usiku amepoteza karo ya mwanawe. Kinachoweza kumzuia ni fidia inayofika mapema, na boma ambalo simba hawezi kuliingia. Mfugaji asipopoteza ng'ombe usiku, asubuhi hana sababu ya kutafuta sumu.

Kijana mmoja Mmaasai, Richard Turere, alituonyesha njia. Akiwa mvulana wa miaka kumi na michache, akichunga ng'ombe wa baba yake kando ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi, alichoka kuamka na kukuta simba wameua. Alichukua betri ya gari, paneli ya jua na balbu ndogo, akaziunganisha ziwake na kuzimika kwa zamu kuzunguka boma usiku. Simba, akiona mwanga ukihama, hudhani kuna mtu anayetembea na tochi, naye huondoka. Mwaka 2013 alialikwa Marekani kueleza uvumbuzi wake, na taa za namna hiyo zimewekwa katika maboma mengi. Alikuwa akilinda ng'ombe wa baba yake tu, lakini kila ng'ombe aliyenusurika ni mzoga mmoja ambao haukutiwa sumu.

UNAWEZA KUFANYA NINI?

Huenda wewe unaishi Buruburu au Kisauni na huna hata kuku mmoja. Lakini una nyanya, una mjomba, una shamba mnakozikia wazee. Unapokwenda huko, au unapopiga simu, yaseme haya:

Vifaranga wafungiwe chini ya tenga au ndani ya banda lililofunikwa kwa wavu juu, angalau kwa majuma sita hadi manane ya kwanza. Mwewe hushinda pale anapoona uwanja mtupu.

Wana-mbuzi na wana-kondoo wa siku chache wasiachwe peke yao malishoni. Wabaki bomani hadi wapate nguvu, au wawe karibu na mchungaji. Tai hapendi kushuka palipo na mtu.

Boma la usiku liwe imara, liwe na ua mrefu wa miiba au wavu, na taa ikiwezekana. Mfugaji aliyeshindwa kuchukua hatua za kawaida za kulinda mifugo yake anaweza pia kunyimwa fidia.

Mnyama akiuawa na simba, fisi au chui, msiuguse mzoga kwa sumu. Toeni taarifa mapema kwa afisa wa shirika la KWS aje akague, mwandikishe madai. Hata kama malipo yatachelewa, hasara isiyoandikwa haitalipwa kamwe.

Mkikuta mzoga wenye ndege au mbwa waliokufa kando yake, msikaribie, na mbwa wenu wafungwe. Sumu hiyo inaua binadamu vilevile, wala nyama hiyo isiliwe hata kidogo. Mwarifuni chifu, polisi au KWS ili mabaki yateketezwe.

Mganga wa mifugo akija kutibu ng'ombe aliye mahututi, muulizeni kama anatumia diklofenaki. Iko dawa nyingine, meloksikamu, ambayo haikuonyesha kuwadhuru tumbusi.

Na mjini, kuwa mwangalifu na sumu ya panya na nyama ya kuulia mbwa koko. Panya aliyekula sumu huliwa na bundi, na nyama iliyotupwa jaani haina jina la aliyekusudiwa.

Sasa turudi pale uani kwa nyanya. Mwewe ameshakula kifaranga, na kwa hilo hatuna la kumfariji mwenye kuku isipokuwa kumsaidia kusuka tenga jipya. Mtoto wako anauliza, "Kwani yule ndege anafanya kazi gani?" Mwonyeshe angani. Mwambie yule ni mwewe, yule mwingine wa mbali anayezunguka polepole bila kupiga bawa ni tumbusi, na kwamba mahali fulani huko mbele kuna mzoga ambao kesho hautakuwapo, na hakuna mtu aliyelipwa kuuondoa.

Mwonyeshe upesi, msomaji, angali yupo.